Kidato kinachopiga kelele hakikuwa na shida, shida ilikuwa kwa kile kilichonyamaza

Kapeti lilikuwa limeshafika, limeviringishwa limelala sebuleni kama gogo, watoto wanalipanda wanasema ni farasi, na mimi akili yangu yote ilikuwa jumamosi, linatandikwa kwenye ngazi, mambo kwisha. Nilikuwa nimeshaanza mpaka kuwaambia watu. Alafu alhamisi fundi wa kapeti akaja kupima.

Sasa yule fundi hakuanza na futi kamba kama nilivyotegemea. Alianza kupanda ngazi taratibu kidato kimoja kimoja, na kila akifika anapiga kisigino pale mbele kabisa, ule mdomo wa ubao unaotokeza nje, tok tok, alafu anahamia kingine. Alipofika cha nne, ambacho hapa nyumbani kila mtu anakijua maana kinalia kama mlango wa sinema za kutisha, alipita tu kama hajasikia kitu. Nikamwambia fundi hicho ndo kinatusumbua. Akatabasamu akaendelea. Alipofika cha tisa akasimama. Akashuka, akapanda tena. Akashika kishikio, akaegemeza uzito wote upande wa kulia, akahamia kushoto, akarudi kulia. Kimyaa. Hakuna sauti yoyote. Akanigeukia akasema, "Bosi, hapa sitandiki mpaka pashikwe."

Nikabisha kidogo, maana kidato chenyewe hakijawahi kulalamika hata siku moja. Nikamwambia si kapeti likishavutwa litakaza hapo? Akacheka. "Kapeti halishiki mbao bosi, mbao ndo inashika kapeti." Akaandika vipimo vyake akaondoka, akasema nikimaliza nimpigie.

(Kabla sijaendelea, nikisema kidato simaanishi shule, cha tisa hapa hakina mtihani. Ngazi yetu ina vidato kumi na tatu, ya mbao, imezibwa pande zote mbili, na chini yake kuna kistoo.)

Ile kauli yake sikuielewa vizuri mpaka nilipokaa chini nikafikiria kapeti la ngazi linashikwaje. Kwa wale ambao hamjawahi kuona, ni hivi: kwenye kila kidato wanapigilia vibao viwili vyembamba vilivyojaa visumari vyenye ncha zilizolala kidogo, kimoja nyuma ya ubao wa kukanyagia, kingine chini kabisa ya ubao wa wima unaofuata, katikati ya hivyo viwili pale konani wanaacha upenyo mdogo. Kapeti linasukumizwa kwenye huo upenyo kwa chuma bapa mpaka ling'atwe na vile visumari, alafu linavutwa mbele linazunguka mdomo wa kidato, na wengine wanalipiga pini kwa chini ya mdomo. Kwa hiyo kila kitu pale ni mvuto. Kama ubao wenyewe unapanda na kushuka kila mtu akipita, ule mvuto unalegea kidogo kidogo, pini zinang'oka, na mgongo wa kapeti unasuguliwa palepale kila siku. Na baya zaidi ni kwamba huoni tena. Ubao ukiwa wazi jicho linakuambia hapa kuna ufa, ukishafunikwa unabaki unategemea mguu, na mguu wa mtu anayeshuka na nguo za kufua mikononi sio kifaa cha kupimia.

Na mimi nilikuwa na sababu nyingine, mama anakuja kukaa na sisi na goti lake la kulia halimsikilizi siku hizi. Yeye ndo alisema tuweke kapeti, mbao zinateleza akivaa soksi. Sasa nimwekee kapeti juu ya ubao unaocheza, hapana.

Usiku huohuo nikajifanya fundi. Na hapa ndo nilipoharibu.

Nilichofanya, nilipiga magoti kwenye kidato cha nane nikaangalia cha tisa kwa mbele. Pale ubao wa kukanyagia unapokalia ubao wa wima wa chini yake kulikuwa na upenyo upande wa kushoto. Nikachomeka kadi ya benki, ikaingia. Nikaongeza ya pili juu yake, zikaingia zote mbili kwa kubanana. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 kila moja, dunia nzima ni hivohivo, kwa hiyo hapo ni milimita moja na nusu hivi. Ukisema milimita moja na nusu inaonekana ni utani, ila weka mguu uone.

Nikasema dawa yake ndogo, nachukua skrubu ndefu nazamisha kutoka juu, ubao unavutwa chini, upenyo unaziba. Nikachukua mbili za milimita 60, sikutoboa tundu la kuongoza, nikaweka bisibisi ya umeme nikabonyeza. Ya kwanza ikaingia mpaka kichwa kikazama, upenyo uko vilevile. Nikaongeza nguvu, vilevile. Ya pili ilipofika katikati nikasikia tak! na kwenye uso wa ubao wa wima ukatokea mpasuko wa kama kidole kirefu. Nikazima mashine nikakaa palepale kwenye ngazi nikaangalia kazi ya mikono yangu. Mke wangu akauliza kutoka chumbani, "Baba, kumevunjika nini?" Nikamwambia hakuna, lala tu.

Nilichojifunza baadae, na hiki naomba mkishike maana kinatumika kwenye kila kazi ya mbao sio ngazi tu: skrubu ikiwa na meno mpaka juu na ikang'ata mbao zote mbili, haiwezi kuzivuta zikutane. Inashika huu na inashika ule, umbali uliokuwepo kati yao unabaki uleule milele, yaani umefunga upenyo kwa kufuli badala ya kuuziba. Inatakiwa ubao wa juu utobolewe tundu pana kiasi ambacho skrubu inapita bila kung'ata, kichwa tu ndo kikandamize, na ubao wa chini utobolewe tundu jembamba, unene wa kiini cha skrubu bila meno yake, ili meno yapate pa kung'ata bila kupasua. Mimi sikufanya hata kimoja, na isitoshe nilikuwa naingia kwenye kingo nyembamba ya ubao, lazima ipasuke tu.

Ila hata ningetoboa vizuri bado ningekuwa nimekosea, na hilo nililigundua ijumaa nilipoingia kistoo.

Kuingia tu kistoo ni kazi ya asubuhi nzima. Mabegi, kopo la rangi limekauka, viatu vya upande mmoja (vya upande wa pili viko wapi hakuna anayejua), feni mbovu niliyosema nitaitengeneza. Nikatoa vyote, nikatandika kipande cha boksi nikalala chali chini ya ngazi. Na kusema kweli sikuwahi kuiangalia ngazi yangu kwa upande huu, miaka yote hiyo. Juu ni mbao nzuri zimepakwa vanishi, chini ni kitu kingine kabisa, unaona jinsi ilivyofikiriwa. Zile mbao mbili kubwa za ubavuni zimechimbwa mifereji kwa ndani, ncha za kila ubao wa kukanyagia zinaingia humo, na mfereji umechongwa upana unaoongezeka kwenda nyuma ili chini ya ubao ipigwe kabari, kipande kirefu chembamba upande mmoja kinene upande wa pili. Kabari ndo inausukuma ubao ubanane na ukingo wa juu wa mfereji. Pale konani ambapo ubao wa kukanyagia unakutana na wa wima kuna vipande vya pembetatu vimegundishwa kwa ndani. Hakuna maajabu mengine. Ngazi nzima inasimama kwa kubanana.

Nikazima taa ya kistoo nikaacha ya koridoni juu. Nikamwita kijana wangu mkubwa asimame kwenye cha tisa.

"Kanyaga."

Akakanyaga, na pale nyuma, ambapo ubao wa kukanyagia unakutana na wa wima wa kidato cha kumi, upande wa kushoto, ukafunguka mstari wa mwanga. Mwembamba kama uzi, urefu wa kiganja.

"Toka."

Ukafunga.

"Kanyaga." Ukafunguka. "Toka." Ukafunga. Tulifanya hivo mara nyingi kuliko ilivyohitajika maana kusema ukweli ilikuwa inapendeza, kama jicho linakonyeza gizani. Dogo akaanza kurukaruka nikamwambia basi basi shuka.

Nikawasha tochi nikamulika ule mwisho wa kushoto. Kidato cha nane kina kabari, cha kumi kina kabari, cha tisa mfereji mtupu. Kuna alama tu ya gundi ya zamani, kahawia imekauka kama sukari iliyoungua, imechora umbo la kabari ambayo haipo. Ubao ulikuwa unaning'inia kwenye misumari miwili, na misumari yenyewe imeshatanua matundu yake kwa kwenda juu chini miaka yote.

Na hapo ndo nikaelewa kwanini kilikuwa kimya. Kelele ya ngazi inatokea vitu viwili vinapogusana na kusuguana, ubao kwa ubao au ubao kwa msumari. Cha nne kinalia kwa sababu bado kimebana, kinajisogeza kidogo sana na kinasugua. Cha tisa kilishalegea mpaka hakuna kinachogusa kitu, kinaenda na kurudi hewani kwa raha zake. Miaka yote tulikuwa tunaruka cha nne usiku ili tusiamshe watoto, na mguu tunaenda kuuegemeza kwenye cha tisa.

Kabari imeenda wapi sasa? Nikapekua sakafu ya kistoo, vumbi, kifungo, betri, hakuna. Nikiwa nimelala palepale naangalia ile alama ya gundi, urefu wa kiganja na nusu, nyembamba huku nene kule, nikaanza kuhisi hili umbo nalifahamu. Nimeliona wapi? Nimeliona kila siku! Nikapaza sauti kumwita mke wangu, "Mama, niletee kile kibao cha mlango wa jikoni!"

"Kibao gani?"

"Kile tunachozuilia mlango usijibamize!"

Akaja nacho, kwa uso wa mtu anayejiuliza huyu kapatwa na nini. Jamani. Upande mmoja wa kile kibao una gundi ya kahawia imekauka. Nikakisogeza kwenye mfereji kikakaa kama upanga kwenye ala yake. Nadhani siku fulani tulifagia kistoo tukakiokota tukasema eh, hiki kinafaa mlangoni, na kweli kilifaa sana. Tumezuilia mlango kwa mfupa wa ngazi sijui miaka mingapi.

Kwanini ilidondoka? Mbao hata ikishakuwa ngazi haiachi kupumua. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, na kusinyaa kwenyewe ni kwa kukata nyuzi, upande wa upana na unene, kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Kabari ikipungua unene kidogo tu imeshapoteza mbano, gundi ya zamani nayo imekuwa kavu haina mnyumbuko, miguu inapita juu kila siku tum tum tum, inashuka nywele moja, nyingine, mpaka siku moja imelala chini. Na ule upenyo wa mbele wa kadi mbili ni hadithi hiyohiyo, ubao wa wima una kimo cha sentimita 18 na hizo sentimita zote ndo upande unaosinyaa, kwa hiyo umefupika, kichwa chake hakimgusi tena yule wa juu. Ndo maana nilisema hata ningetoboa vizuri ningekosea: mimi nilikuwa nataka kuuvuta ubao wa kukanyagia ushuke umfuate mfupi, wakati mahali pake halali ni juu. Ningeupinda.

Basi kazi. Kwanza niling'oa zile skrubu zangu za aibu. Alafu nikachukua patasi nikakwangua gundi yote ya zamani ndani ya mfereji mpaka nikaona mbao yenyewe, hii hatua inachosha shingo na inakuangushia vumbi machoni (vaa miwani, mi nilivaa baada ya kuumia) ila ukiiruka umefanya bure, gundi nyeupe ya mbao inashika kwa kuingia kwenye nyuzi za mbao, ukiipaka juu ya gundi nyingine iliyokauka inakaa tu juu juu.

Kabari ya zamani sikuirudisha, ncha yake ilishaliwa na mlango. Niliiweka juu ya kipande cha mbao ngumu iliyokauka vizuri nikaichora kwa penseli, nikakata kwa msumeno wa mkono nikiacha mstari ubaki, nikasafisha kwa randa mpaka mteremko ukawa sawa na ile ya mwanzo. Nikaijaribu bila gundi kwanza. Ikaingia kama robo tatu kwa mkono, ndo inavyotakiwa. Ikiingia yote kwa mkono ni nyembamba, ikikwama mwanzoni utaishia kupiga mpaka upasue ubavu wa ngazi.

Nikapaka gundi pande zote mbili, nikahakikisha hakuna mtu juu, nikaanza kupiga nyundo polepole. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu niliyoipenda. Mapigo ya kwanza sauti yake ni nzito, puu, puu, kama unapiga gunia. Kila ikisogea sauti inapanda. Na inafika sehemu, pigo moja tu, inabadilika ghafla inakuwa kali na safi, tang, na unaisikia mkononi kabla ya sikioni, mkono unarudishiwa nyundo. Gundi ikatoka pembeni kwa kamstari keupe. Hapo acha. Ukiongeza moja kwa sababu unajisikia vizuri ndo utanyanyua ubao au upasue. Mimi niliongeza moja, ila kapole.

Kijana akarudi juu, nikamwambia aweke mguu taratibu tu. Mstari wa mwanga haukutokea.

Kisha upenyo wa mbele. Nilichonga kipapi chembamba sana, unene wa zile kadi mbili upande wa kushoto kinakwisha kuwa kama karatasi kwenda kulia, nikakipaka gundi nikakiteleza kati ya ubao wa wima na wa kukanyagia mpaka kikabana, kilichotokeza nje nikakikata kwa kisu. Kule nyuma nikabandika vipande vitatu vipya vya pembetatu konani, gundi pande mbili, unakisugua kwenda na kurudi mpaka unahisi kinaanza kukataa kusogea, alafu skrubu. Hapo pima kabla, tafadhali. Ubao wetu wa kukanyagia una milimita 22, kipande pale skrubu inapopita kina 35, nikatumia skrubu ya 50, maana yake 15 zinaingia kwenye ubao na 7 zinabaki salama juu. Na kwenye keekee nilifunga kipande cha utepe kuonyesha mwisho wa kutoboa, utepe ukigusa mbao unaacha. Hakuna kitu kibaya kama ncha ya skrubu inayochungulia chini ya kapeti ikisubiri mguu wa mtu.

Ule mpasuko nilioufanya mwenyewe niliufungua kidogo kwa ncha ya kisu, nikaisukuma gundi ndani kwa kadi ya plastiki ya zamani, nikabana na klampu na vipande viwili vya ubao ili klampu isiache alama. Sio kwamba alama ingeonekana chini ya kapeti. Roho tu.

Cha nne, maarufu wetu, kilichukua dakika chache. Skrubu moja kutoka chini, safari hii na tundu pana kwenye kipande na jembamba kwenye ubao, ikavuta, kelele ikafa. Watu wanasema mwaga poda ya mtoto kwenye upenyo, na ni kweli inanyamazisha, inalainisha ule msuguano, ila ni kwa muda, na ukishatandika kapeti huwezi kurudi kumwaga nyingine.

Gundi niliipa saa 24. Kwenye chupa wanaandika unaweza kutoa klampu mapema zaidi ya hapo, lakini kutoa klampu na kumsimamisha mtu mzima juu yake ni vitu viwili tofauti. Nikafunga utepe mwekundu kwenye cha tisa, nyumba nzima ikawa inaruka. Mtoto wangu mdogo wa miaka mitano akawa anapanda akihesabu kwa sauti ili asikosee, akifika nane ananyoosha mikono abebwe. Usiku mimi mwenyewe, mwenye kazi, nikashuka kunywa maji gizani na nikakumbuka nikiwa na mguu mmoja hewani. Nilining'inia kwenye kishikio kama nguo.

Jumapili nikapita kwenye ngazi nzima, nikafanya kile alichokifanya fundi, kisigino kimoja kimoja. Misumari iliyochomoza niliizamisha kwa kipigilio, pini za kapeti la enzi za nyuma nikazing'oa kwa koleo, ziko nyingi kuliko unavyofikiri na zinachoma, nikapiga msasa kwenye vinundu, nikafyonza vumbi. Kishikio na nguzo yake ya chini nilivitikisa viko sawa.

Kitu kimoja nilikuwa sijakifikiria kabisa, ni urefu wa kidato cha kwanza na cha mwisho. Vidato vya katikati vyote vikipanda kwa unene wa kapeti hakuna tofauti, kila kimoja kimepanda sawa na mwenzake. Ila sakafu ya chini kwetu ni vigae na inabaki vigae, kwa hiyo kupanda cha kwanza kunaongezeka kwa unene wote wa kapeti na sponji inayotandikwa chini yake, na kule juu kama koridoni hakuwekwi kapeti hatua ya mwisho inapungua kwa kiasi hichohicho. Mguu ukishapanda hatua mbili unakariri, hauangalii tena, ukikuta tofauti unajikwaa. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazotumika sehemu nyingi Marekani zinataka tofauti kati ya kidato kirefu na kifupi kwenye ngazi moja isizidi inchi 3/8, yaani kama milimita 9.5 tu. Nilipompigia fundi nikamuuliza hilo, akanyamaza kidogo (nadhani alishangaa) alafu akasema ndo maana yeye kwenye ngazi hatumii sponji nene, anataka nyembamba na ngumu, watu wanapenda nene kwa sababu dukani ukiibonyeza na kidole inapendeza, ila kwenye ngazi ile nene inafanya mdomo wa kidato uwe wa mviringo na mguu unateleza mbele. Tukaamua koridoni juu nako tutandike, na cha kwanza nilikipima kwa rula, kwa bahati kilikuwa kifupi kidogo kuliko wenzake toka mwanzo, aliyeweka vigae alipandisha sakafu. Kapeti likakisawazisha. Kuna siku makosa ya watu wawili yanakutana yanakuwa sahihi.

Fundi akarudi jumanne. Akapanda kama siku ile, tok tok tok. Kwenye cha nne akasimama, akakanyaga mara mbili, akaangalia chini kama mtu aliyemkosa jirani yake. Kwenye cha tisa akaegemea kulia, akaegemea kushoto, akaruka kabisa kwa miguu miwili. Hakusema kitu. Akashuka akafungua boksi lake akatoa vile vibao vya visumari akaanza kukata. Mi nilikuwa nasubiri hata aseme umejitahidi bosi, wapi. Ila nilimwona anapigilia kwenye cha tisa bila kusitasita kama kwenye vingine, nikaridhika.

Alitandika kutoka chini kwenda juu, manyoya yakiwa yamelala kuelekea chini, ukipitisha kiganja ukishuka ni laini ukipanda ni kama unampapasa paka kinyumenyume. Kwa kila kidato kile chuma bapa kikaingia konani, kapeti likakaza mpaka likatoa mlio kama ngoma mbichi.

Mama alifika wiki iliyofuata. Alipanda akishika kishikio, mguu mzima kwanza alafu ule wa goti, taratibu, mpaka juu. Alipita cha tisa kama vingine vyote. Akafika akageuka akasema, "Mwanangu, hili kapeti limekaa vizuri," na mimi kidogo nimweleze habari ya kabari kuanzia mwanzo, mke wangu akaniangalia nikaacha.

Sasa tatizo lililobaki ni mlango wa jikoni. Unajibamiza kila upepo ukipita, na juzi umemwamsha mama usingizini. Ile kabari ya zamani nimeiweka kwenye droo ya vifaa nimekataa isiguswe, mke wangu anasema kibao kimoja unakitunza kama hati ya nyumba. Nimeahidi kuchonga nyingine. Kwa sasa tumeweka kiatu, kile cha upande mmoja.